Pilau au wali wa nazi kwa maharage: upi una afya zaidi?

Mchele ni uleule. Kikombe kimoja cha wali mweupe kina takriban kalori 200 na nyuzinyuzi chini ya gramu 1. Tofauti inaletwa na vinavyoingia sufuriani na kinachokaa pembeni ya sahani.

Pilau huanza na vitunguu vya kukaangwa hadi vibadilike rangi, na hapo ndipo mafuta humiminwa bila kupimwa. Kijiko kikubwa kimoja tu ni kama kalori 120! Ongeza nyama yenye mafuta na chumvi ya supu. Bizari, iliki na karafuu hazina lawama, na kachumbari inasaidia.

Wali wa nazi nao una kasoro yake: tui zito limejaa mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, kwa hiyo tumia tui jepesi. Lakini maharage ndiyo yanayonishawishi. Nusu kikombe huleta nyuzinyuzi gramu 6 hadi 8 pamoja na protini, na sukari hupanda damuni polepole zaidi.

Kwa mlo wa kila siku nachagua wali wa nazi kwa maharage, wali ukichukua robo ya sahani na mchicha nusu ya sahani. Pilau ibaki ya sikukuu, mafuta yakipimwa kwa kijiko.