PUBG Mobile: gemu inayonitoa kwenye chanja za dagaa

Karibuni tena, wapendwa. Niko Kibirizi hapa Kigoma, na hiyo sauti mnayoisikia nyuma yangu ni upepo wa ziwa, mnivumilie. Leo nachambua gemu moja tu, PUBG Mobile, kwa sababu kuna swali dada yangu ananiuliza kila siku: mtu anapumzikaje kwa kukimbizwa na kupigwa risasi?

Dada, na nyinyi wengine mnaojiuliza hivyo, nisikilizeni. Mimi nanunua dagaa alfajiri, naanika, nauza. Juzi mvua imeshuka saa nane mchana, dagaa walikuwa wamebakiza kidogo tu wakauke. Tumekimbia na maturubai, wapi! Dagaa akilowa akiwa nusu mkavu anabadilika rangi, ukimshika anakatikia mkononi, na mteja aliyekuwa amchukue wa kula sasa anakupa bei ya chakula cha kuku. Usiku nimelala chali, napiga hesabu. Nikiwasha tamthilia, macho yako kwenye kioo lakini akili iko kwenye chanja. Hata mpira siku hizo hauniingii.

Gemu hii inaingia. Mnashuka watu 100 kutoka kwenye ndege, kila mmoja na parachuti yake, mikono mitupu, na anayebaki hai wa mwisho ndiye mshindi. Ramani ya Erangel, yaani uwanja mmoja wa kuchezea, ni kilomita 8 kwa 8, unaweza kukaa dakika kumi hujaona mtu. Unaokota bunduki, helmeti, bandeji. Lakini kuna duara la usalama, na duara linapungua. Ukibaki nje, ule ukuta wa bluu unakula uhai wako, mwanzoni polepole, mwishoni ni sekunde tu. Kwa hiyo hakuna kujificha mpaka mwisho. Lazima usogee, na ukisogea unasikika.

Hapo kwenye kusikika ndipo ninapoipa maksi zote. Vaeni hedifoni, tafadhali, msicheze kwa spika ya simu. Hatua za mtu kwenye majani si sawa na hatua zake kwenye sakafu ya mbao. Jana nimejibanza bafuni kwenye nyumba ya ghorofa, tumebaki watu saba. Nasikia mlango wa chini unafunguliwa. Kimya. Kisha ngazi: moja, mbili, akasimama. Nimeshika pumzi, mimi, kitandani kwangu mtaa wa Mwanga, hapa hapa Kigoma! Wakati ule hakuna deni, hakuna mvua, hakuna bei ya chakula cha kuku. Kuna ngazi tu. Akili inayokimbia haitulizwi kwa kuambiwa tulia, inatulizwa kwa kupewa kitu kimoja kinachoitaka yote. Alinipiga, lakini nililala usingizi mzito.

Kama huna muda, pakua Livik. Ni ramani ya kilomita 2 kwa 2, watu 52, mechi ni robo saa hivi. Erangel inaweza kufika nusu saa, na ukiondoka katikati unawaangusha wenzako kama mnacheza timu.

Sasa yanayokera. Ni nzito: ramani zinapakuliwa moja moja, kwa hiyo angalieni nafasi kwenye simu na bando kabla. Simu yangu ya zamani ilikuwa inachemka mpaka naipoza kwa kitambaa chenye maji. Mtandao ukiyumba unajikuta umekufa kabla hujamwona aliyekuua, na hilo linauma kweli. Ngazi za wachezaji wanaoanza zimejaa roboti, wachezaji wanaoendeshwa na gemu yenyewe, wanaosimama wima wakikungoja, msijisifu bado. Na duka la nguo na rangi za bunduki, vijana wangu, shati la bei halizuii risasi. Hela hiyo nunua bando.

Kimoja sikukitegemea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nakubaliana na sababu, lakini miezi mitatu bila mzigo ni mirefu. Ndipo nikaanza kucheza skwadi, yaani timu moja, na kaka mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku. Hatujawahi kuonana. Nikiangushwa natambaa chini, na yeye anapita katikati ya risasi, anapiga magoti kando yangu, sekunde 10 za kuniinua huku mgongo wake uko wazi. Kati ya mechi na mechi tunaulizana: huko mvua vipi? Mzigo umeuzwa? Nilipokuwa na hali mbaya zaidi, sauti yake ndiyo niliyokuwa naingojea jioni.

Wiki hii ni mbalamwezi, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mitumbwi mingi haiendi, kwa hiyo alfajiri siamki. Saa tatu usiku tutakuwa Livik, mimi, yeye na binti mmoja wa Kasulu mwenye shabaha kali. Skwadi ni ya watu wanne. Nafasi moja iko wazi, njoo na hedifoni.