Hula kahiko na hula ʻauana

Hula, dansi ya jadi ya Hawaii inayoandamana na shairi, ina sura mbili, na anayetaka kuzifahamu hana budi kuanza na maneno, kwa kuwa mikono ya mchezaji husimulia kile ambacho shairi linasema.

Katika hula kahiko, yaani ya kale, shairi hughanwa, na mghani aghalabu ndiye apigaye ala: ama pahu, ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi ya papa, ama ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa, ambavyo hukitwa chini kwa kishindo kizito kisha hupigwa ubavuni kwa vidole. Mashairi hayo hutaja nasaba za machifu na safari za Pele, mungu wa kike wa volkano. Kabla ya wamisionari kuleta maandishi katika miaka ya 1820, historia ilihifadhiwa humo. Malkia Kaʻahumanu aliipiga hula marufuku mwaka 1830, na Mfalme Kalākaua akaipa heshima hadharani katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883.

Hula ʻauana, neno lenye maana ya kutangatanga, ni laini zaidi: huenda na gitaa na ukulele, ala iliyotokana na gitaa dogo la Wareno, na nyimbo zake nyingi husifu wapenzi na mahali. Mgeni huvutiwa nayo upesi. Hata hivyo, ningemshauri aanze na kahiko, kwani humo sauti ya binadamu na mdundo mmoja tu hubeba kisa kizima. Katika mashindano ya Merrie Monarch mjini Hilo, vikundi hucheza zote mbili.