Ramani ya upepo inayotembea: tathmini ya tovuti ya earth.nullschool.net kutoka Tanga

Tangu kusi ilipoanza kukaza mwishoni mwa Mei, nimekuwa nikiifungua tovuti ya earth.nullschool.net karibu kila jioni, mara nyingine kwenye kompyuta ya ofisi yangu hapa Barabara ya Nane, mara nyingine kwenye simu nikiwa soko la Deep Sea nikisubiri samaki washushwe. Kazi yangu ni kuchora: mabango, vipeperushi, na siku hizi kurasa za tovuti na michoro ya takwimu kwa watu wanaotaka taarifa zao zieleweke kwa kutazamwa tu. Tovuti hii, basi, naitazama kama mchoraji, na pia kama mtu aliyekulia katika nyumba ya mabaharia, na hukumu zangu hizo mbili hazikubaliani kila mara.

Tovuti hii ni kazi ya Cameron Beccario, mtaalamu wa programu za kompyuta, na ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2013. Kabla yake, mwaka 2012, Fernanda Viégas na Martin Wattenberg walikuwa wametengeneza ramani ya upepo ya Marekani peke yake, na Beccario ametaja wazi kwamba ramani hiyo ndiyo iliyompa wazo. Yeye aliupeleka mchoro kwenye dunia nzima. Takwimu za upepo huchukuliwa kutoka GFS, modeli ya utabiri ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo huendeshwa mara 4 kwa siku na ambayo data zake ni za wazi. Mtumiaji halipi kitu wala hajisajili.

Anayeifungua kwa mara ya kwanza hukuta tufe la dunia kwenye uwanja mweusi, na juu ya tufe hilo maelfu ya nyuzi nyembamba za mwanga zinazokimbia, kupinda, kuzunguka na kufifia. Hakuna majina ya nchi, hakuna majina ya miji, wala kitufe kinachoonekana. Pembeni chini limeandikwa neno moja tu, «earth», na ukiligusa neno hilo ndipo menyu yote inapofunguka: tarehe, kimo cha hewa, bahari, halijoto, aina za makadirio ya ramani (namna ya kulitandaza tufe kwenye kioo). Naelewa kwa nini mtengenezaji aliificha menyu, maana macho yanabaki kwenye upepo na si kwenye vitufe. Hata hivyo, vijana watatu niliowaonyesha waliizungusha dunia kwa dakika kadhaa wakifurahi, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba neno lile linagusika. Mlango uliofichwa kiasi hicho unamfaa mwenyeji zaidi kuliko mgeni.

Jambo linalonifanya niisifu tovuti hii kwa moyo mweupe ni namna ilivyoumaliza mgogoro wa zamani wa mshale. Novemba iliyopita, wakati wa tanga mbili, yaani kipindi cha katikati ya kusi na kaskazi ambapo upepo hautulii upande mmoja, mjomba wangu, ambaye ni nahodha wa jahazi la mizigo, aliniomba nimtazamie upepo wa alfajiri ya kesho yake, kwa kuwa alikuwa na shehena ya machungwa ya Muheza ya kupeleka Wete, kisiwani Pemba. Nilitumia programu fulani ya simu iliyoonyesha wingu, namba, na mshale mdogo uliolenga mashariki. Nikamwambia upepo utatoka mashariki, yaani upepo wa omo, unaopiga chombo kwa mbele, kwa mtu anayekwenda Pemba, naye akaahirisha safari. Kulipopambazuka, upepo ulikuwa unatoka bara na kwenda baharini, upepo wa tezi, unaosukuma chombo kwa nyuma, ambao nahodha huuombea dua. Mshale ule ulionyesha upepo unakokwenda, na mimi niliusoma kama unakotoka. Machungwa yalikaa juani siku nzima.

Kosa hilo lina mizizi katika lugha yenyewe. Sisi huuita upepo kwa unakotoka: kusi hutoka kusini na kaskazi hutoka kaskazini, na majina ya pande hizo mbili za dunia tuliyapata kwa pepo hizo. Wataalamu wa hali ya hewa nao huhesabu nyuzi (digrii) za upepo kwa upande unakotoka. Jicho, kwa upande wake, likiona mshale hufuata ncha na kwenda nayo mbele. Mchoraji anayeweka mshale kwenye ramani ya upepo amemwachia msomaji afumbue fumbo, na nusu ya wasomaji watalifumbua kinyume.

Juni hii nilimpelekea mjomba simu ikiwa na ramani ya Beccario, nimeivuta karibu hadi mkondo wa Pemba ukajaza kioo. Alikuwa amekaa kwenye gogo kule Sahare akishona tanga.

«Shikamoo, mjomba.»

«Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na mishale yako?»

Hakusema neno lingine kwa muda. Aliilaza simu kiganjani kama dira, akaigeuza polepole mpaka Pemba ya kwenye kioo ikalala upande ilipo Pemba yenyewe kutoka pale alipokaa, kisha akapitisha kidole cha shahada, chenye kovu la mshipi, juu ya zile nyuzi za mwanga, akizifuata kutoka upande wa Unguja kuelekea Mombasa. «Huu unakwenda,» alisema, «haunionyeshi, unakwenda.» Nikamwambia aguse pale katikati ya mkondo. Ikatokea duara ndogo ya kijani, na pembeni namba za digrii na mwendo: 160 na kilometa 28 kwa saa. Nilipomweleza kwamba 160 ni upande unakotoka, kusini kwa kukatia mashariki kidogo, aliitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa ameshauona kabla ya kuusoma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwendo wa zile chembe za mwanga zinazochora nyuzi si pambo. Mwendo unabeba habari mbili kwa wakati mmoja, yaani uelekeo na kasi, bila ya msomaji kufundishwa alama yoyote. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: piga picha ya kioo cha simu wakati ramani inatembea, kisha mpe mtu picha hiyo iliyoganda, umuulize upepo unatoka wapi. Atasita. Nyuzi zimebaki, urembo umebaki, lakini maana imeondoka. Ni michoro michache ninayoifahamu ambayo hupoteza maana kiasi hicho ikisimamishwa.

Inafaa kukumbuka kwamba tatizo hili lilimshughulisha Edmond Halley, yule mwanaastronomia Mwingereza ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alipochapisha mwaka 1686 ramani ya pepo za bahari za joto, ikiwemo bahari yetu ya Hindi. Halley alichora mistari midogo midogo, na kila mstari akauchonga upande mmoja, ncha kali ikionyesha upepo unakotoka. Penye pepo za misimu, kama huku kwetu, aliipanga mistari ikitazamana huku na huko, ili kusema kwamba hapa upepo hugeuka. Karatasi haitembei, na yeye aliilazimisha iseme kadiri ilivyoweza. Ukiweka ramani ile kando ya hii ya Beccario unaona ufanano wa ajabu: vistari vile vile, vyenye upande mnene na upande unaofifia, isipokuwa sasa vimepewa uhai. Kwa mchoraji kijana wa Tanga anayejifunza kazi hii, ningemwambia aanze na karatasi ya Halley kabla ya kugusa kompyuta.

Sehemu nyingine iliyonifurahisha mno ni ile ya kubadili kimo. Menyu inakuruhusu kupanda kutoka usawa wa ardhi hadi tabaka za juu, ambazo hutajwa kwa kanieneo (mgandamizo wa hewa) na si kwa mita. Ukichagua 850 katika mwezi wa Julai, yaani kama mita 1,500 juu ya bahari, unauona mto mzima wa hewa ukipita kaskazini mwa Madagaska, ukiingia pwani yetu, ukipanda Kenya na Somalia, halafu ukipindia kulia kuvuka bahari hadi India, ambako ndiko unakopeleka mvua. Nilisoma habari za upepo huo shuleni kwa mistari miwili ya kitabu nikaisahau. Mjomba, alipoiona ile pinda, alisema hiyo ndiyo njia ya majahazi ya zamani yaliyokuwa yakirudi Arabuni na kusi, na akaniuliza kama naweza kumwonyesha na kaskazi. Nikarudisha tarehe hadi Januari, na mto wote ukageuka, ukatoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Mzee huyo amesafiri na pepo hizo maisha yake yote, na siku hiyo alizitazama kutoka juu.

Baada ya sifa hizo, nina mambo matatu ya kuonya, na la kwanza ndilo zito.

Zile chembe zinakimbia daima, lakini saa haisogei. Picha unayoitazama ni ya wakati mmoja tu, mathalani saa tatu asubuhi, na chembe zinamwagwa juu ya upepo huo uliosimamishwa, zikimbie, zife, zimwagwe tena. Jicho la binadamu likiona kitu kinatembea hudhani wakati unapita. Wiki ya kwanza mimi mwenyewe nilikaa nikiitazama kwa dakika tano, nikaamini nimeuona upepo wa usiku mzima ukiondoka kwenye mkondo wa Pemba, ilhali sikuwa nimesogea hata nukta moja mbele. Ili usonge ni lazima ufungue menyu na kubofya alama za mbele au nyuma, saa 3 kwa kila hatua. Kwa maoni yangu mstari wa wakati ungepaswa kuwa juu ya kioo muda wote, si nyuma ya mlango uliofichwa, kwa sababu mwendo ule ule unaosema kweli kuhusu uelekeo unaweza kumpotosha mtu kuhusu wakati. Kwenye suala la saa, menyu hukupa hiari ya saa za hapa au za UTC, yaani saa ya kimataifa. Anayesoma UTC apunguze 3 atapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja: 06 ni saa tatu asubuhi, 12 ni saa tisa alasiri.

La pili ni rangi. Ngazi ya rangi imetandazwa ili itoshe kila upepo wa dunia, kuanzia utulivu hadi vimbunga na zile pepo kali za tabaka za juu. Kwa hiyo pepo zetu za kila siku zote hujibana kwenye bluu na kijani. Tofauti kati ya kilometa 20 na kilometa 40 kwa saa ndiyo tofauti ya ngalawa kutoka au kulala ufukweni, na hiyo kilometa 40 ndicho kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolea tahadhari, lakini kwenye ramani hii tofauti hiyo ni kijani na kijani kilichokolea. Usitegemee rangi, gusa mahali usome namba.

La tatu ni ukubwa wa vyumba vya data, yaani miraba ambayo modeli huigawia dunia, kila mmoja na namba zake. Data za wazi za GFS hutolewa kwa vyumba vya digrii 0.25, ambavyo kila upande una kilometa 28 hivi. Ghuba yote ya Tanga, pamoja na kisiwa cha Toten na Ulenge, inaenea ndani ya chumba kimoja au viwili. Nyuzi za mwanga zinapita laini kabisa juu ya ghuba, kana kwamba kila mita imepimwa, wakati ulaini huo ni kazi ya hesabu za kujaza nafasi iliyo wazi. Umande, ule upepo baridi unaotoka bara alfajiri na kuwasukuma wavuvi wa Chongoleani nje ya ghuba kabla jua halijapanda, usitarajie kuukuta humo. Mchoro mzuri mno una hatari hiyo, kwamba huaminiwa zaidi ya data zilizoubeba.

Kwa matumizi ya simu, ramani hufanya kazi vizuri, ingawa simu ya kawaida hupata moto na chaji hushuka haraka iwapo utaziacha chembe zikikimbia. Anayetaka namba za saa kwa saa za mahali pake na jina la mji lililoandikwa atafaidika zaidi na tovuti ya Windy, iliyoanzishwa na Ivo Lukačovič wa Ucheki mwaka 2014 kwa kutumia msimbo wa wazi wa Beccario. Windy ni chombo cha kazi zaidi, na ina vitu vingi zaidi kwenye kioo. Kwa kuuelewa upepo wenyewe bado narudi kwenye ile ya kwanza.

Jambo moja la mwisho litawafaa wanaotaka kuijaribu. Kila unachokichagua, yaani mahali, kimo, tarehe na ukaribu, huandikwa kwenye anwani ya ukurasa. Tanga ipo karibu digrii 5 kusini na digrii 39 mashariki. Nilipoipata picha ya mkondo wa Pemba jinsi mjomba anavyoipenda, niliinakili anwani na kuituma kwenye kundi la manahodha, wakaifungua wote mahali pale pale bila kuitafuta menyu. Sasa mjomba huitazama jioni, baada ya swala ya Isha, akigusa sehemu tatu: nje ya Ulenge, katikati ya mkondo, na mbele ya Wete. Alfajiri huiacha simu ndani, akatoka kusimama kwenye maji ya magoti na kuusikiliza umande shingoni.