Ratiba ilienda sawa, ndafu ikafia jikoni

Nimekaa na hili jambo nikisema lipite. Halipiti. Kila mtu akiuliza mratibu mzuri wa siku ya harusi hapa Dar, yule dada anatajwa, watu wanammwagia sifa, na mimi damu inanichemka. Basi leo naandika uzoefu wangu. Jina lake silitaji, kwa sababu zangu, mojawapo ikiwa kwamba nusu ya hizo sifa ni za kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Harusi ilikuwa ya mdogo wangu. Sisi ni watu wa Marangu, mke wake ni wa Iringa, ndoa ikafungwa Dar kwa kuwa wote wanaishi huku. Ilikuwa kile kipindi cha baada ya Pasaka, na Wakatoliki mnajua kilivyo: Kwaresima nzima watu wamebana ndoa zao, zikifunguliwa kila Jumamosi ni vurugu. Kumbi zimejaa, MC ana shughuli mbili kwa siku, kanisani mnapangwa jozi kadhaa kwenye misa moja, na padre hamsubiri mtu. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Niliposema tumlipe mtu laki nane atupangie muda, mzee mmoja akauliza kwani saa ya ukutani haitoshi. Nikamtetea yule dada mpaka jasho likanitoka.

Na niseme ukweli, ratiba yake ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Hakuanza asubuhi kuja jioni kama tunavyofanya sisi. Alianza na misa ya saa 8 mchana akarudi nyuma: dakika za kutoka saluni hadi kanisani ukiwa na foleni ya Mwenge, dakika za kuvaa shela, dakika za kupamba wasimamizi, mpaka akafika saa 11:15 alfajiri, bibi harusi aoge. Kulikuwa na mstari umeandikwa "saa 5:10, bibi harusi ale chapati na chai, rangi ya mdomo BADO". Nani mwingine anakumbuka kwamba bibi harusi ana tumbo?

Kanisani tulikuwa wa kwanza kufika. Mliowahi kukaa kwenye benchi mkisikiliza padre anaanza misa huku bibi harusi bado yuko saluni Sinza, mtanielewa. Matarumbeta walipewa raundi mbili tu za kipilefti, wakataka kuleta ubishi juu ya kirikuu yao, kijana wake akawaonyesha saa, wakatulia. Picha za ufukweni zilipigwa jua likiwa bado lipo, maana mwezi wa tano Dar linazama saa 12 na robo hivi na wapiga picha wengi wanakuja kugundua likishazama. Kadi zilisema saa 12 jioni. Yeye akaandika pembeni "wageni halisi saa 2 kasoro", na kweli, saa 2 ndipo maharusi walipoingia ukumbini na viti vimejaa.

Hapo ningempa nyota zote. Ningemkatia na kitenge.

Sasa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma ambaye kwetu Wachaga harusi haikamiliki bila yeye.

Kwenye ratiba iliandikwa saa 2:40 hadi 2:50, katikati ya keki na shampeni. Dakika kumi. Nilipoiona niliguna, nikasema sawa, MC akichangamka zinatosha. Mchoma ndafu alikuwa anatoka nayo Tegeta kwenye Noah, akakwama barabarani. Akaingia kwa mlango wa jikoni saa 3 na dakika zake, wageni ndiyo wanakaribia kuitwa kwenye chakula. Imechelewa, sibishi. Lakini ilikuwa nzuri jamani! Mbuzi mzima, amesimama kwa miguu yake minne kwenye sinia, majani mdomoni, ngozi imekauka rangi ya kahawia ile inayopasuka ukiigusa kwa kisu. Shangazi yetu mkubwa, ambaye alikuja kwa basi toka Marangu siku mbili kabla na miguu ikamvimba, alikuwa ameshawapanga wenzake mstarini. Kitenge kimoja, vilemba juu, wameanza kuimba kwa chini wakisubiri mlango ufunguliwe.

Yule dada akaja na suti yake nyeusi na redio koli mkononi, akaweka mkono kwenye mlango. Hata shikamoo hakutoa. Akasema, "Mama, ndafu muda wake umepita. Sasa hivi ni chakula."

Shangazi akamuuliza, "Umepita ukaenda wapi?"

Hakujibu. Aliinamia redio koli yake akasema, "Jikoni, katakata, peleka kwenye meza ya chakula." Mimi niko hatua kama tano hapo, nimeshika bahasha za malipo ya wapishi, nikadhani sijasikia vizuri. Kufumba na kufumbua mpishi ameshashusha panga kwenye shingo. Wale kina mama walikuwa bado wanaimba. Waliacha mmoja mmoja.

Ndafu ya harusi ya Mchaga ikaingia ukumbini kwenye hotipoti, katikati ya kuku na maini. Rafiki yangu wa ofisini akapita mbele yangu na ubavu wake juu ya pilau, akanipongeza: "Mbuzi wenu mtamu." Wakwe wa Iringa, ambao waliambiwa tangu siku ya mahari kwamba watalishwa ndafu kwa mkono wa kijana wetu mbele ya watu, walikaa wanatazama mlango. Hawakuuliza kitu. Wale ni watu wa heshima, na ndiyo iliyoniumiza.

Najua atakachosema, maana alinijibu hivyo kesho yake kwa meseji: ukumbi unafungwa saa 6 usiku, ukizidisha unalipishwa kwa saa, na ndafu ndiyo iliyochelewa, yeye hakuchelewa. Kwa hesabu yuko sahihi. Tulitoka saa 6 kasoro dakika kumi, hatukulipa faini hata shilingi, na mimi mwenye daftari la michango nilipaswa kushukuru.

Lakini sikiliza. Zawadi zilipewa dakika arobaini. Wafanyakazi wenzake bwana harusi walileta friji wakicheza nayo kutoka mlangoni mpaka mbele, wimbo mzima, kisha wakaomba urudiwe, na ukarudiwa! Muda wa friji kurudi nyuma kwa staili ulikuwepo. Muda wa Shangazi kuingia na mbuzi haukuwepo. Mtu anayepanga siku ya harusi akijua dakika bila kujua uzito wa kitu anachokipa hizo dakika, amepanga nini? Shampeni ungeweza kuifuta na wala asingenuna mtu. Nasaha za wasimamizi zingekuwa nusu. Hata chakula kingesogea robo saa, wageni wa Dar wamezoea kula saa 5 usiku, wasingekufa. Hakutuuliza hata siku moja kwenye vikao vyote kipi tuko tayari kukipoteza na kipi hapana. Aliuliza tu kila kitu kinachukua dakika ngapi.

Mtanisamehe, nataka niwe wa haki. MC naye alikaa kimya na maiki mkononi, na yeye ni mtu wa Moshi, anajua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa nje anahangaika na maegesho. Mdogo wangu aliona mstari wa kina mama ukivunjika, akanyanyuka nusu, msimamizi akamvuta koti akakaa. Kwa hiyo si yeye peke yake. Lakini mkono mlangoni ulikuwa wake, na ile "katakata" ilikuwa sauti yake, naisikia mpaka leo.

Shangazi hakugombana. Alikunja kitenge, akaomba apelekwe alikofikia, akasema miguu inamuuma. Desemba tulipopanda nyumbani kama kawaida ilibidi tuchinje upya. Tukaalika wakwe, wakasafiri kutoka Iringa mpaka Marangu, ndafu ikaingia uwanjani kwa ngoma na Shangazi akiwa mbele, ikachukua muda wake wote ilioutaka. Gharama hiyo haikuwa kwenye bajeti yoyote niliyowahi kuandika.

Salio lake nililipa, kwa sababu mkataba ni mkataba. Nilichelewesha kidogo kwa makusudi, naye akanikumbusha kwa adabu kila Jumatatu asubuhi. Alipomaliza kupokea akanitumia ujumbe: pole kwa usumbufu, mna punguzo la asilimia kumi kwa shughuli ijayo. Kwetu ukimkosea mtu unakwenda kwake na jani la isale mkononi, yeye analiona, mnaongea. Punguzo sijui unampelekea Shangazi kwenye sahani gani.

Mnaoniuliza kama mumchukue: kama ni harusi ya watu wa mjini, keki, shampeni na muziki, mchukue hata leo, hutajuta, utalala saa 7 usiku na pesa ya faini iko mfukoni. Kama una wazee, hapana. Au basi, mchukueni, ila mmoja wenu asimame kwenye mlango wa jikoni kuanzia saa 2 usiku na asitoke hapo hata akiitwa kwenye picha ya familia. Mdogo wetu wa mwisho ametoa posa juzi juzi, na kikao cha kwanza kamati wameshalitaja jina lake, wanasema "yule dada wa muda". Mimi nimesema nitasaini malipo akishaenda mwenyewe Marangu kumwamkia Shangazi. Nauli ya basi atajitegemea.