Darubini ya kwanza ya kioo: ipi ununue ukiishi karibu na ikweta

Boksi likikupigia kelele kwamba darubini "inakuza mara 525", liache lilipo. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga, na mwanga unaletwa na upana wa kioo. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi sana mara mbili ya upana huo kwa milimita. Kioo cha milimita 76, basi, kinaishia kwenye mara 150 hivi. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu.

La pili haliandikwi kwenye boksi, kwa kuwa walioliandika hawakutufikiria sisi. Darubini nyingi za bei ya chini huja na stendi ya ikweta, ile yenye chuma kizito kinachoning'inia upande mmoja. Jina linadanganya: karibu na ikweta ndiko inakosumbua zaidi. Mhimili wake huinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo ya ulipo. London ni nyuzi 51, unasimama vizuri. Dar es Salaam haifiki nyuzi 7 na Nairobi ni 1 na ushee, kwa hiyo mhimili unalala karibu sambamba na ardhi, skrubu inagota, na kile chuma kinagonga mguu wa stendi. Kitabu cha maelekezo nacho kinakutuma utafute Nyota ya Kaskazini, ambayo ukiwa Dar iko chini ya upeo. Mimi niliinunua moja. Leo mdogo wangu anafungia taa ya kupigia picha kwenye miguu yake.

Kwetu stendi ya kutafuta ni ya Dobson: kiti cha mbao kinachozunguka kulia na kushoto, darubini ikipanda na kushuka juu yake. Inaitwa hivyo kwa John Dobson, aliyekuwa mtawa San Francisco, akatengeneza darubini kwa mbao na vioo vya madirisha ya meli, kisha akawa anawaonyesha wapita njia mwezi barabarani. Ina udhaifu mmoja. Kitu kikiwa utosini kabisa, kama kundi la nyota la Jabari (Orion) linavyopita usiku wa Januari, haizunguki vizuri. Subiri saa moja tu. Anga itakuwa imesogea nyuzi 15.

Nafasi ya kwanza naipa darubini ya mezani ya milimita 130, yenye stendi ya Dobson, na mfano wake ni Sky-Watcher Heritage 130P. Ina kilo sita na kitu, bomba lake linakunjika, unaibeba kwa mkono mmoja hadi juu ya paa. Lenzi mbili za jicho zinazokuja nayo, 25 mm na 10 mm, zinakupa mara 26 na mara 65 (gawa 650, ambayo ni urefu wake wa fokasi, yaani milimita toka kioo hadi mwanga unapokutana, kwa namba ya lenzi). Pete za Zuhali zinaonekana wazi, miezi minne mikubwa ya Mshtarii pia, na Kilimia chote kinaenea ndani ya lenzi ya 25. Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi, utaiona kama moshi wa kijivu. Zile rangi za pinki ni za kamera. Weka darubini juu ya kitu kigumu. Meza ya plastiki inatikisika kila ukipumua, lakini kreti mbili za soda zilizopinduliwa hazina neno. Bomba liko wazi ubavuni, hivyo taa ya ulinzi ya jirani itaingia: zungushia karatasi ngumu nyeusi. Na kama sehemu ya kurekebishia fokasi inalegalega, viringisha utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye mifereji ya skrubu yake.

Ya pili ni dada yake ya milimita 150. Inaona zaidi kidogo, ina uzito zaidi kidogo; ukiipata kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hiyo. Ya tatu ni Dobson ya milimita 200, ambayo kwa macho inazishinda zote, ila inapita kilo 20 na bomba lake lina zaidi ya mita moja. Kama unakaa ghorofa ya nne bila lifti, utaitoa nje mara mbili kwa mwaka. Ya milimita 114 ni ya mtoto aliye makini. Ya 76 ni ya mwezi, basi.

Kimbia bomba fupi la nusu mita lililoandikwa fokasi 1000 mm. Ndani yake kuna lenzi ya nyongeza inayorefusha fokasi, na kwenye darubini za bei hiyo picha haikai sawa, wala vioo havipangiki kirahisi. Kama shida yako ni meli bandarini au tembo Mikumi, nunua bainokula. Darubini hizi zinageuza picha juu chini.

Vifaa? Anza na lenzi ya 6 mm yenye uwanja mpana, itakayofikisha ile 130 kwenye mara 108. Kisha kifaa cha Cheshire cha kupangia vioo. Leza za kupangia vioo za bei rahisi mara nyingi zenyewe zimepinda. Tochi ifunge plastiki nyekundu. Ramani ya anga ni Stellarium, haina malipo. Chujio la mwezi liache. Pwani, weka pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani ya mfuko, na kioo usikifute kwa kitambaa hata kikiwa na vumbi.

Chujio la jua ni lile linalofunika mdomo wote wa darubini. Lile dogo la kufungwa kwenye lenzi ya jicho litupe, maana linaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapo hapo. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Jeddah na Makka, na Kenya na Tanzania tutaona sehemu. Agiza mapema.