Miezi saba na pawa ya raki ya volti 48: naipenda, lakini haikutengenezewa sisi

Niseme mapema, hii pawa, yaani boksi la kulisha umeme vifaa vya mtandao, naipenda na imenikera kwa pamoja. Mie nauza intaneti ya mtaani huku Kisauni, Mtopanga mpaka nyuma nyuma ya Bombolulu, na raki yangu ni kabati dogo tu limepigwa ukutani chini ya ngazi ya ghorofa ya watu.

Zamani n'likuwa na inverta na betri moja kubwa ya 12V, 200Ah. Stima ikipotea inverta yachukua umeme wa betri yaugeuza uwe 240, halafu kila adapta nayo yaugeuza tena urudi chini, yaani ni kama umevusha gari Likoni na feri ukageuza papo hapo, nauli umelipa na shughuli hujafanya. Joto tupu. Mzigo wangu wote, OLT (ile mashine ya kugawa intaneti kwa wateja kwa faiba), rauta, swichi na antena mbili, ni kama wati 180, na betri ilikuwa yanifikisha masaa manne na kidogo kisha simu zaanza, "bro net imeenda".

Nikanunua hii ya 1U, yaani boksi bapa la kuchukua nafasi moja tu ya raki. Ndani ina rektifaya mbili, ndizo zageuza stima ya 240 iwe 48V, moja ikifa nyingine yabeba, yachaji betri yenyewe, na mgongoni ina matundu manane ya 48V, kila tundu na fyuzi yake na waweza kulizima na kuliwasha kwa simu. Betri nimefunga nne za 12V 50Ah kwa mfululizo, ukipiga hesabu ni uwezo ule ule wa betri yangu ya zamani, lakini sasa natoboa masaa sita bila betri kushuka chini ya nusu. Na waya ni nyembamba, manake mzigo huu kwa volti 12 ni ampea 15, kwa 48 haufiki 4. Ramadhani usiku wa daku antena moja iliganda, nikazima tundu na kuwasha, chai ikiwa mkononi. Zamani hapo ni kupanda paa gizani.

Sasa kero. Siku ya kwanza nimefunga rauta kwa skrubu kwenye raki, nawasha, paa! fyuzi. Nabadilisha, paa! Nikadhani rauta mbovu. Kumbe hizi pawa zafuata desturi ya kampuni za simu tangu zamani, chanya ndiyo inaenda kwa ardhi, ndo maana wanaandika -48V, waya za shaba zilizozikwa zisiliwe haraka (sie wa Pwani kuhusu kuliwa na kutu hatuhitaji mwalimu). Lakini rauta yangu hasi yake ndo imeshikana na bodi ya chuma, so chuma kwa chuma kupitia raki ni shoti moja safi. Dawa ni kakipande ka shaba mgongoni kanakounga chanya na ardhi, ukikatoa basi, bora waya ya ardhi ya boksi lenyewe usiiguse. Dakika mbili! Kitabu chao hakina hata mstari mmoja wa hilo, nimeunguza fyuzi tatu na siku nzima.

Halafu huo mgongo wenyewe. Kila kitu kiko nyuma, na kabati langu nyuma ni ukuta. Kubadilisha fyuzi lazima nitoe boksi zima. Aliyebuni alikuwa anaona chumba kikubwa chenye AC ambapo mtu azunguka nyuma ya raki, sio ngazi ya Kisauni. Skrubu za mbele nazo zishaanza wekundu wa kutu, hilo nasamehe.

Bei sasa. Wauzaji waliniambia shilingi 78,000 nikafurahi. Kuja kuona karatasi, kadi ya mtandao, ambayo bila hiyo ni boksi bubu, ni 14,000 mbali, kisha VAT 16% juu ya yote, jumla 106,720. Gawanya kwa manane ni 13,340 kila tundu na mie natumia matano. Antena zangu ni za 24V so konvata mbili za kushusha 48 iwe 24 tena juu yangu. Na kila rektifaya ni ya wati 1,000! Mzigo wangu pamoja na kuchaji betri kwa ampea 5 haufiki hata nusu ya moja. Nikawauliza kwa nini msiniuzie boksi na rektifaya moja, ya pili nije niichukue wateja wakiongezeka, si zachomoka kama droo? Jibu ati "wateja wetu wote huchukua mbili". Wateja gani hao, wenye minara?

Nataka nyingine ya Mtwapa, sijifichi. Nimewaambia matundu yaje mbele, rektifaya moja, kadi iwe ndani ya bei, natoa 70,000 na VAT ndani siku hiyo hiyo. Wamesema watanipigia. Mtwapa bado yaenda na inverta.