Kipimo cha kujipima VVU cha mate: kizuri sana, ila muulize muuzaji alikiweka wapi

Nishakitumia mara mbili sasa, wacha niseme yote. Ni kile cha kujipima mwenyewe nyumbani, hakuna kujidunga sindano. Kenya vimekuwepo tangu 2017, unaenda kwa kemisti unaomba unapewa. Mimi VCT, kile kituo cha ushauri na kupima VVU, nilikuwa naogopa, mtaani kwetu watu wote wanajuana, ukionekana tu umekaa kwenye ile benchi basi habari imeshafika nyumbani kabla yako.

Ndani kuna kijiti chenye ncha bapa na kichupa cha maji yake. Usile wala kunywa robo saa kabla, na mswaki uwe umepiga nusu saa nyuma. Unapitisha ile ncha kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja (si kutema mate, yale maji ya ufizi ndio yenye kazi), unakitia kwenye kichupa, unangoja. Majibu yanasomwa kuanzia dakika 20, zikishapita 40 usiyategemee tena.

Kilichonishangaza kweli ni ule mstari mwekundu wa majibu unaotokea kwenye kijiti. Ile rangi ni dhahabu! Dhahabu yenyewe, ila ya chembe ndogo mno, makumi ya nanometa tu, na unywele mmoja una unene wa kama nanometa 80,000, sasa dhahabu ikifika udogo huo manjano yote inaisha inakuwa nyekundu. Zile chembe zimevishwa protini inayoshika kingamwili (wale askari ambao mwili unawatengeneza kupigana na vijidudu). Maji yanapanda kwenye karatasi iliyo ndani ya kijiti kama mafuta kwenye utambi wa taa, yanazibeba, na kama una kingamwili za VVU zinanaswa pale kwenye alama ya T, mahali pa jibu lenyewe, chembe zinarundikana hapo hapo mpaka unauona mstari kwa macho yako. Hakuna betri, hakuna mashine. Vile vya haraka vya malaria na korona vingi ni hivyo hivyo.

Sasa shida niliyopata. Cha kwanza nilikinunua duka moja wamevipanga mbele kwenye kioo, jua la saa nane linavipiga, Februari ya Mombasa hii, na paketi imeandikwa joto lisizidi digrii 30! Nikakitazama dakika 20, 30, mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, haukutokea kabisa. C isipotoka hapo hakuna jibu, si ndio si hapana, kipimo kimeharibika. Wallahi ile nusu saa sitaisahau, nilikuwa nshafikiria mabaya yote. Nimerudi dukani naambiwa "dada, umekosea kutumia", pesa sikurudishiwa. Cha pili nikanunua kwengine, wanaviweka ndani kwenye eisi, C ikatoka nyekundu ya kukolea.

Na mjue kinatafuta kingamwili, hakitafuti kirusi chenyewe, kwa hivyo kama hatari ulipitia ndani ya miezi mitatu iliyopita, hata kikisema huna itabidi upime tena baadaye. T ikitokea hata kwa mbali nenda kituoni wakuhakikishie. Na kama uko kwenye ARV, yaani dawa za VVU, usikitumie, kinaweza kukudanganya.

Mdogo wangu nishamnunulia kimoja kule kule kwenye eisi, nikamwambia akiweke kabatini, asikifungue mpaka ile dakika anataka kupima.